Hesabu ya Nyenze wa Migato

Kitabu nilikinunua mnadani Bariadi kikiwa hakina jalada. Kilieleza kwamba Marekani kuna nyenze, wale wadudu wanaopiga kelele mitini mvua zikikaribia, ambao hukaa ardhini miaka kumi na tatu au kumi na saba wakifyonza mizizi, kisha hutoka wote kwa pamoja. Ndege hula mpaka washibe, na wanaobaki bado wanatosha kutaga. Miaka yenyewe ni namba tasa. Baadhi ya wataalamu wanadhani ndiyo maana adui mwenye mzunguko mfupi wa maisha hukutana nao kwa nadra. Niliishia darasa la saba, lakini hilo nililielewa, likaniachia swali: nyenze wetu, tunaowasikia kila mwaka, kila mmoja hukaa chini miaka mingapi?

Hakuna aliyejua. Bwana shamba alinijibu kwamba hawali pamba.

Nikatafuta njia mwenyewe. Huku Migato familia yetu ilikuwa na ngitili, malisho yanayofungwa masika yote ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Ndani yake, chini ya mgunga mmoja, palijaa matundu ya nyenze. Nilifunika hapo hatua nne kwa nne kwa chandarua, kingo nikazifukia. Watoto wa nyenze huanguka kutoka matawini na kuingia udongoni. Chandarua kingewazuia wapya, na waliokwisha kuingia wangetoka na kunasa. Mwaka ambao asingetoka hata mmoja ungenipa jibu.

"Baba watoto, sisi tunaumwa na mbu, wadudu wanalala kwenye chandarua," mke wangu alisema.

"Ni kwa ajili ya elimu."

"Basi elimu ije inikune mgongo."

Mwaka wa kwanza walitoka, wa pili wakatoka, wa tatu wakatoka wachache. Wakati huo wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuja na malori yao, hakuna tena kungoja ushirika, na kaka yangu akaamua kulima ngitili yote. Nilimwomba aukwepe mgunga ule.

"Serikali yenyewe inapunguza wafanyakazi," akasema, "hao wa kwako bado wako likizo?"

"Kaka, nangoja tu mwaka ambao hawatatoka."

"Haya. Jembe halitafika hapo."

Kweli halikufika. Mvua za mwaka wa nne zilipoanza nilikwenda kila asubuhi kwa majuma sita. Hakutoka hata mmoja. Nilikuwa nimeshika kalamu niandike "miaka mitatu" kaka alipokuja kuchungulia.

"Umeona? Dawa za madukani siku hizi si mchezo."

"Dawa gani?"

"Ya pamba. Kila nilipopuliza, iliyobaki kwenye bomba niliimwaga hapa kwako. Mara sita."

"Kwa nini, kaka?"

"Si ulitaka wasitoke? Hawajatoka."

Alikuwa anangoja shukrani. Maishani mwake hakuwahi kuona mtu anayefuatilia mdudu kwa nia nyingine isipokuwa kumuua. Nilimweleza kwamba sasa siwezi kujua kama walikwisha au walikufa, na kwamba miaka minne imepotea. Alisikiliza, akanipiga begani.

Jumapili, baada ya ibada, aliwatangazia watu kwamba mdogo wake amethibitisha: nyenze hukaa chini miaka mitatu. Nilisimama nikasema sijathibitisha chochote. Wakacheka, wakanisifu kwa kutojikweza. Mpaka leo ukiuliza kijijini utaambiwa miaka mitatu, na utaelekezwa kwangu.