Sifuri ya Kivuli cha Shimo Jeusi

Dada yangu alijipa sifuri kwa kalamu nyekundu, mbele ya kidato cha nne kizima. Kisha akaketi, akajipepea kwa daftari.

Anafundisha fizikia Chanika. Kwa miaka mingi, akimaliza kusahihisha kazi za wanafunzi, alikuwa akiandika nadharia yake mwenyewe ya nguvu ya mvutano, tofauti na ile inayofundishwa vyuoni. Hapa duniani, alisema, zote mbili zinatoa majibu yaleyale. Pa kuzitenganisha ni kwenye shimo jeusi, ambako mvutano ni mkali hadi mwanga hautoki. Aliposikia wanasayansi wako mbioni kutoa picha ya shimo hilo, alikokotoa kwa nadharia yake ukubwa wa kivuli cha shimo, yaani lile duara la giza katikati ya picha, akauandika kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani mwa darasa.

"Madam, ikikataa je?" mwanafunzi mmoja aliuliza.

"Nitajisahihisha kama ninavyowasahihisha nyie."

"Basi pole kabisa, Madam. Kalamu yako tunaijua!"

Picha ilipotoka nilikuwa nimemtembelea shuleni. Tuliitazama kwenye simu yangu: pete ya moto, katikati giza. Upana uliotangazwa ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa kwenye manila. Ndipo akaichukua ile kalamu nyekundu na kujiandikia sifuri kwenye manila.

Siku chache baadaye, nilipomtembelea tena, mwalimu wa hesabu alisimama mbele ya manila, soda mkononi.

"Madam, hii umepima kutoka wapi mpaka wapi?"

"Katikati mpaka ukingoni. Kama kawaida."

"Wenzako wamepima ukingo mpaka ukingo."

Dada alishika ukuta. Fomula zote za mvutano anazoandika ubaoni huanzia katikati ya duara, mkono ulishazoea.

"Mungu wangu! Kosa hili nawapigiaga kelele kidato cha pili!"

Akazidisha kwa mbili. Jibu likaingia kwenye picha. Nilipiga makofi, lakini yeye hakucheka. Alinisogezea jibu la ile nadharia ya vyuoni, nalo liliingia vilevile. Picha ina ukungu, na tofauti kati ya nadharia hizo mbili ni ndogo kuliko ukungu wenyewe.

Sifuri ameifuta. Manila bado iko ukutani, na mahali pa alama hajaandika kitu mpaka leo.