Sahihi Sita Nyuma ya Nakala Moja

Asubuhi ile mke alitafuta miwani nyumba nzima. Akainua mito, akachungulia chini ya meza.

"Baba Watoto, hujaiona miwani yangu?"

"Imekupanda kichwani," mume akajibu. "Ikizoea hapo itadai imezaliwa hapo."

Akacheka, akaishusha machoni. Mume alikuwa seremala. Shule aliiona kwa nje tu, alipokwenda kutengeneza madawati. Namba alizijua vizuri kwa sababu ya tepu ya kupimia, ila herufi alizigonga moja moja kama mtu anayepima ubao kwa vidole. Mke ndiye aliyemfundisha hizo chache, jioni baada ya jioni, na hakuwahi kumcheka.

Kifungo cha blauzi ya bluu kilikuwa kinaning'inia. Mume akakishona, mke akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi.

"Daktari alisema usipande mlima," mume akasema, akikata uzi kwa meno.

"Mimi karani, si mbuzi. Nakaa kwenye kiti kutwa."

Akatoka. Ilikuwa asubuhi kama nyingine zote, hakuna aliyeigeukia kuitazama.

Hospitalini walimwita Mama Nakala. Ofisi yake ilikuwa karibu na lango: meza, kabati la mafaili, muhuri, na printa kubwa ya kijivu iliyokuwa ikinguruma kabla ya kufanya kazi. Karatasi zote za wodi kumi na moja zilipita mikononi mwake. Na kila ukuta wa wodi, na wa ofisi hiyo, ulikuwa na tangazo alilolichapa mwenyewe mwaka uliopita, baada ya mhuni mmoja kupiga simu akijifanya daktari: AGIZO LA MDOMO SI AGIZO. Tangu siku hiyo, sista hakubadilisha dawa bila karatasi iliyochapwa na kugongwa muhuri. Mama Nakala alijivunia tangazo hilo kuliko vyeti vyake.

Saa tatu na robo mfamasia aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa kijana mpole, mtu wa mizaha, lakini asubuhi hiyo midomo ilimkauka.

"Mama, acha yote. Vile vichupa vya sindano vilivyokuja juzi, vyenye namba nne sifuri saba saba, vimebandikwa lebo siyo. Ndani kuna dawa nyingine kabisa. Hospitali ya jirani wagonjwa wawili wamechomwa, pumzi zikakata."

"Vimeshafika wodini?"

"Vyote. Sindano za asubuhi ni saa nne."

Mama Nakala akageukia kompyuta. Akaketi, akaandika mistari minne, vidole vikikosea na kurudia. Kwenye sehemu ya idadi akaweka ishirini. Akabonyeza.

Printa ikanguruma, ikatoa karatasi moja, ikanyamaza. Taa ya kijani ikawaka, imetulia kama mtu aliyeshiba.

"Nyingine?" mfamasia akauliza.

"Subiri."

Hakuna kilichotoka. Akaandika ishirini tena. Moja. Akaandika kumi, labda ishirini ilikuwa nyingi. Moja. Akavuta trei, karatasi zilikuwa tele. Akafungua mlango wa nyuma kutafuta karatasi iliyokwama, hakukuwa na hata kipande. Akaizima, akahesabu hadi kumi, akaiwasha. Ilichukua dakika tatu kuamka, ikikohoa na kujizungusha, na yeye amesimama juu yake, jasho likimtiririka mgongoni. Ishirini. Ikatoa moja.

"Weka ile iliyotoka juu ya kioo, tutoe fotokopi," mfamasia akasema.

Akaiweka. Kioo kidogo cha mashine kikadai namba ya siri.

Akakumbuka. Ijumaa alikuwa amemwita fundi, akamwambia kwa ukali: "Ifunge hii printa. Watu wanachapa kadi za harusi humu, mia mia, karatasi za serikali zinakwisha. Ifunge kabisa!" Fundi akaitikia, "Sawa, mama." Naye Mama Nakala akasahau.

Akampigia simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena.

"Fundi! Printa inatoa moja moja!"

"Ndiyo, mama," fundi akasema kwa furaha. "Si uliniambia niifunge? Kila anayeagiza anapata moja tu. Imekubali, eh?"

"Ifungue! Nipe hiyo namba!"

"Ninayo kwenye daftari, nyumbani. Ndani ya nusu saa nimefika."

Mama Nakala akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na saba.

"Wanangu watakufa kwa ajili ya kadi za harusi," akasema. Wagonjwa hakuwahi kuwaita jina jingine.

Mfamasia alikuwa amenyakua simu ya mezani. Wodi ya kwanza walimjibu, "Leta karatasi." Ya pili wakamwuliza yeye ni nani hasa. Ya tatu haikupokea. Akaweka simu chini, akamtazama Mama Nakala. Wote wawili walikuwa wanaliona tangazo ukutani, kubwa, limenyooka, limebandikwa kwa gundi pembe zote nne.

Mama Nakala akazihesabu karatasi zilizotoka. Nne. Kuagiza moja moja kulikula dakika nzima na ushee, kwa kuwa mashine ilisafisha koo kila mara. Akagonga muhuri, pa, pa, pa, pa.

"Chukua hizi tatu. Wewe na wasaidizi wako, wodi tano za huku chini. Kimbieni."

"Na za juu?"

Za juu zilikuwa sita, zimepangana kwenye mlima nyuma ya jiko la hospitali, na ya watoto ilikuwa ya mwisho kabisa.

"Ninayo moja," akasema.

"Mama, moyo wako."

"Unao mwingine wa kuniazima? Nenda, baba!"

Akavua viatu vya ofisi, akaviacha chini ya meza. Akatoka na karatasi moja na kalamu.

Wodi ya kwanza alimwonyesha sista karatasi, akageuza upande wa pili: "Saini hapa kwamba umesoma." Sista akasaini, akaviondoa vichupa kwenye trei. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu sista alitaka kubaki na karatasi kwa ajili ya faili. "Faili utaipata kesho," Mama Nakala akasema, na akaipokonya. Kupanda kwenda ya nne, ndani ya kifua kukaanza kugongwa kama mlango wa mtu anayedaiwa. Akashika ukuta. Hofu ya kufa haikumjia. Iliyomjia ilikuwa hofu ya kuchelewa, na hiyo ilimuuma zaidi. Alijiona akiingia na kukuta kitanda kimefunikwa shuka hadi juu. Akaachia ukuta. Ya nne. Ya tano.

Alipofika ya watoto saa ilikuwa imegonga nne. Sista, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa ameinama juu ya mtoto wa kike wa miaka kama mitano, sindano imeshanyonya dawa, pamba imeshapita mkononi.

"Acha!" Mama Nakala akasema, lakini pumzi ilitoa nusu tu ya neno.

Sista akageuka, akamwona yuko pekupeku. "Mama Nakala, na mdomo mtupu? Tangazo si lako mwenyewe?"

Mama Nakala akainua karatasi kwa mikono miwili, mbele ya kifua, kama mtoto anayeonyesha ripoti. Sista akasoma. Akasoma tena. Akakitazama kichupa kwenye trei. Kisha akaishusha sindano taratibu sana.

"Saini," Mama Nakala akanong'ona.

Sahihi hiyo ya sita imepinda, inashuka hadi ukingoni.

Mtoto akauliza, "Sista, leo hatuchomwi?"

"Hatuchomwi, mama."

Mtoto akashangilia. Mama Nakala akakaa kwenye benchi la wageni, na hakuinuka kwa nguvu zake tena.

Kule chini mfamasia na wenzake walikuwa wamewahi pia. Hakuna mgonjwa aliyechomwa kile kichupa. Fundi alifika saa nne na dakika kumi, akaifungua printa, ikamwaga karatasi ishirini mfululizo kwenye ofisi isiyo na mtu. Siku ya mazishi ya Mama Nakala alisimama pembeni, akimwambia kila aliyepita, "Ni tiki moja tu ilikuwa, kwenye kisanduku cha mashine. Tiki moja."

Mama Nakala walimlaza wodi ya pili, siku tatu, mpaka moyo ukasimama. Hapo ndipo alipomsimulia mumewe yote, kwa vipande, akipumzika katikati. Karatasi aliiweka chini ya mto. Kitu kimoja kilimsumbua: "Ningeiacha mashine mapema, nisingefika saa ikiwa imegonga." Mume akamwambia alifika. Mke akasema, "Nilifika kwa upana wa pamba."

Siku ya tatu, mchana, sista kijana alikuja na trei, akavunja sili ya kichupa. Mgonjwa akafumbua macho. Mume aliona vidole vyake vikikamata shuka. Miwani haikuwepo machoni, wala kichwani. Akamshika mumewe mkono wa shati, akamvuta karibu, akasema kwa mara ya mwisho:

"Baba Watoto, herufi ziache, namba unazijua. Msomee huyu mtoto hicho kichupa kabla hajanichoma."