Damu Isiyotia Chumvi

Mwaka ule kiwanda cha nguo kilipotupunguza kazini, nilikuwa nikitembea kutoka Kirumba hadi Kiseke na kurudi kabla jua halijachomoza, bila shughuli yoyote. Silali, sili, kifua kinakwenda kama injini ya boti. Nikimwambia mtu, anacheka. Ndiyo hasara ya kuwa mchekeshaji wa mtaa: hata uking'atwa na mamba, watu wanasubiri wasikie kichekesho kinaishaje.

Ndipo nikampata daktari aliyekuwa akipima homoni za watu wenye sonona, ule ugonjwa wa kuzama katika huzuni. Alinieleza, nami kwa biolojia yangu ya masomo ya jioni nikaelewa kuliko yeye. Mwili ukibanwa na shida humwaga homoni iitwayo kortisoli. Unapewa kidonge usiku kinachouambia mwili "basi, inatosha," kesho yake wanapima damu. Kwa baadhi ya wenye sonona, mwili haukubali kunyamaza, homoni inabaki juu.

Nikafurahi kama mtu aliyepata shahidi. Damu haitii chumvi. Ikisema naumwa, mke wangu ataacha kuniambia nazurura kwa sababu nina nyumba ndogo.

Wakanitoa damu, nikameza kidonge, wakanitoa tena kwa sindano ndefu kama kasia. Damu ikasafirishwa mbali. Nilingoja karne nzima, nikiruka kila mlango ulipogongwa.

Majibu yalipokuja, daktari alituita mimi na mke wangu. Alikuwa anakuna kichwa.

"Bwana, homoni yako ilikuwa chini hata kabla hujameza kidonge changu. Kuna dawa nyingine unatumia?"

"Mimi? Hata aspirini sijui rangi yake!"

Mke wangu akatazama sakafu. "Ni mimi, daktari. Namtilia vidonge vya kunenepa kwenye uji."

Siku hizo maduka ya dawa yalikuwa yamefumuka kila kona, na vidonge vya kunenepesha vikiuzwa kama karanga. Wenzake mke wangu pale sokoni Mwaloni, alipouza dagaa, walikuwa wakimsuta: "Mumeo unamlisha mifupa ya sangara, minofu anakula nani?"

Daktari akasema vidonge vile ni ndugu wa kile chake, kwa hiyo kipimo kimeharibika. Akamwonya asivikatize ghafla, ni hatari. Vitapunguzwa polepole, yeye mwenyewe akisimamia.

Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Shahidi wangu ametoroka. "Basi," nikasema, "hakuna atakayeniamini."

"Hebu kaa, baba watoto." Mke wangu akamgeukia daktari. "Huyu halali. Akila, ni matonge mawili. Huko nje anachekesha mtaa mzima, akiingia ndani anatazama ukuta mpaka naogopa."

Daktari akachukua kalamu, akaanza kumwuliza yeye: tangu lini, vipi, asubuhi yukoje. Mke wangu akajibu kila kitu.

"Kumbe ulikuwa unaona?" nikamwuliza. "Na ile nyumba ndogo?"

"Nilikuwa nakuchokoza tu ukasirike. Ukikasirika, angalau najua upo."