Jitu Kutoka Ng'ambo

Miaka ile mamluki wa Kizungu walipokuwa wakimlinda rais wetu, nilikuwa mwalimu kijana Moroni, na nikitoka darasani niliandika hadithi za falme na majini katika daftari. Ya kwanza ilijaa theluji. Sikuwa nimewahi kuiona, lakini vitabu tulivyosomeshwa kwa Kifaransa vilikuwa na ngome na malkia wenye nywele za dhahabu, nikadhani maajabu hayatokei penye maua ya milangilangi na jua.

Msikilizaji wangu alikuwa jirani, mshonaji aliyezaliwa Mahajanga. Alirudishwa visiwani mwaka mmoja kabla ya mamluki kuingia, baada ya watu wetu kuuawa kule Madagaska. Alasiri nilimsomea huku akishona.

"Mwalimu," aliniambia siku moja akicheka, "huyu malkia wako anaswali wapi? Na baridi yote hiyo, anatawadha na nini?"

Maneno yale yalinichoma. Nikaanza upya, kwa lugha yetu. Safari hii palikuwa na mji wa mawe meusi chini ya mlima wa moto, na sultani aliyewaogopa raia wake hata akaita walinzi kutoka mbali, watu wasio na nyuso, wenye mavazi meusi. Adui wa mji alikuwa jitu kutoka ng'ambo, lililokula watoto na kunguruma kwa Kimalagasi.

Nilipofika kwa walinzi, mshonaji alinyanyuka akafunga dirisha. "Punguza sauti." Nilipofika kwa jitu, cherehani ilinyamaza.

"Mbona linasema Kimalagasi?"

"Nilitaka litishe."

"Siku tatu nilifichwa chini ya kitanda cha bibi mmoja wa Kimalagasi. Wauaji walipokuja na mapanga, yeye ndiye aliyewajibu mlangoni. Kwa lugha hiyo hiyo."

Nilifunga daftari nikaenda zangu.

Wiki ile ile zikaja habari kwamba kuna askari walioasi. Magari yakaanza kuzunguka mitaani mchana kweupe, yamebeba Wazungu wenye sare nyeusi. Mwalimu mwenzangu alichukuliwa shuleni mbele yetu kwa sababu ya karatasi iliyokutwa mfukoni mwake. Hakuna aliyemuuliza mwenzake karatasi ile ilisema nini. Asubuhi ya pili nikasikia milango ikigongwa mtaani kwetu. Nilifikiria kulichoma daftari, nikaogopa moshi. Nikalitia ndani ya leso, nikakimbilia kwa mshonaji.

Hakuuliza kitu. Alifumua mto wa sufi aliokuwa akikalia, akalisukuma daftari ndani, akaushona haraka haraka, akaukalia tena. Nyuzi za mwisho alizikata kwa meno.

Waliingia wawili, Mzungu na askari wa kwetu aliyemfasiria. Walipekua vitambaa, wakafungua kabati. Kisha Mzungu akamwashiria mshonaji asimame. Akauokota mto, akauminya kona moja. Akauminya kona ya pili.

"Na huyu?" askari aliniuliza.

"Nasubiri nguo yangu," nikasema, kwa sauti nisiyoitambua.

Nje mtu akaita. Mzungu akautupa mto mkekani, wakatoka.

Mama yangu alinipeleka kwa mama mdogo mjini Mutsamudu, katika kisiwa jirani, mpaka mambo yatulie. Daftari nililiacha ndani ya mto wa mshonaji. Bandarini walinipekua mara mbili, na hata nilipofika, kila niliposikia kishindo cha viatu katika vichochoro vya mji ule wa kale nilibana mgongo ukutani. Wanawake walipita wamejitanda shiromani zao wakinitazama kama mgonjwa.

Huko nikaiandika tena kwa kumbukumbu. Kwanza nilitaka kulifuta jitu. Kisha nikaona nikilifuta, ng'ambo haitakuwa na mtu hata mmoja. Basi nikaipa ng'ambo mji wake, soko lake, watu wanaoua na watu wanaoficha. Nikamweka bibi mlangoni. Walinzi wenye nguo nyeusi nilijaribu kuwapa nyuso, walau mmoja wao, nikashindwa. Kila nilipoanza niliona vidole vikiminya mto, na kalamu ikasimama. Nikawaacha vile vile, nikijua si haki kamili.

Miezi ilipita kabla sijathubutu kurudi Moroni. Mwalimu mwenzangu alikuwa ameachiwa, ila hakurudi tena kufundisha, na akikutana nasi njiani alivuka upande wa pili. Mshonaji alinipokea kwa chai. Nilimsomea kwa sauti ya chini, nikimtazama usoni. Penye bibi alinisimamisha.

"Hangesema hivyo. Sema hivi." Akanifundisha neno la Kimalagasi, akalirudia mpaka nikalitamka sawasawa. Macho yake yalikuwa na machozi, lakini alikuwa akitunga uzi kwenye sindano.

Nilipomaliza alitikisa kichwa.

"Soko la kule umesahau ng'ombe, mwanangu. Wenye nundu kubwa. Wamejaa njia nzima, watu wanapita kwa taabu."

Nikaongeza ng'ombe.