Wembe wa Babu na Mpini wa Mkoko

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huikumbuka kila nipitishapo mkono kichwani. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, nimemaliza sekondari, na Uhuru ulikuwa unanukia. Kwetu Mtongwe, dada yangu Mwanasha alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na siku ya saba ilikaribia, siku ya kumnyoa nywele alizozaliwa nazo.

Watoto wote wa nyumba yetu walinyolewa kwa wembe mmoja, wembe wa kukunja wa marehemu babu, aliyekuwa kinyozi. Lakini tangu afe, ulilala mkebeni. Chuma kilishika kutu na mpini wa pembe uliliwa na wadudu. Mama hakutaka mila hiyo imkatikie mjukuu wake.

"Niachie mimi, mama," nikamwambia. "Kazi ya siku mbili tu."

Elimu kidogo, mwanangu, humlevya kijana kuliko tembo la mnazi. Fundi Shebe, mzee aliyejifunza unyozi kwa babu, hata sikumuuliza. Nilishuka pwani, horini, nikakata mkoko, kwa kuwa nilijua mkoko hujenga nyumba. Nikachonga vibao viwili vyembamba, nikaubana wembe katikati kwa misumari ya shaba, nikausugua mti kwa mafuta ya nazi hata ukawa mwekundu wa kupendeza. Chuma nikakipiga msasa, nikakinoa, kikameta. Nikaukunja wembe, nikautembeza Likoni nzima kama mtu aliyepata mchumba. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Siku ya saba nyumba ilijaa wageni. Mtoto alilala mapajani mwa mama, na Fundi Shebe ameketi mkekani. Nikampa wembe kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umejinyoa nao?"

"La."

"Basi jaribu mkono wako kwanza. Wembe hauanzi kwa asiyeweza kusema hapana."

Ulifunguka kwa taabu. Mti mbichi ulikuwa umekauka ukajipinda, ukagusa makali, na chumvi yake imekwisha kutia chuma madoa ya kutu. Nikajitia ushujaa, nikaupitisha mkononi. Ulivuta nywele, kisha ukachana ngozi. Damu ikatiririka mbele ya watu.

"Huo mpeni mpishi," akasema mjomba, "akapare samaki!"

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa akiutazama utosi wa mtoto unavyopwita.

Fundi Shebe alinifunga jeraha kwa kitambaa chake. "Wallahi, mikono unayo," akasema. "Subira ndiyo huna. Mkoko mbichi ni maji ya bahari yaliyosimama wima. Chuma utakilazaje humo?" Alikuwa na wembe wake mkobani, angeweza kumaliza shughuli pale pale. Akamgeukia mama. "Mtoto ana ruhusa ya kungoja arobaini. Kijana huyu akishindwa tena, nitatumia wembe wangu."

Basi kila asubuhi nikawa barazani kwake. Mpini niliuchonga upya kwa mbambakofi wa mlango mkuukuu wa babu, mti uliokwisha kukauka kabla sijazaliwa. Nilijifunza kuacha nafasi makali yasiguse mti, kupitisha wembe juu ya jiwe laini lenye maji bila kukandamiza, kisha kuupiga kwenye ukanda wa ngozi. Mara tatu nilidhani umekuwa tayari. Mara tatu Fundi alitikisa kichwa.

Ilipofika arobaini sikungoja kuulizwa. Nilijilowesha nywele, nikaketi mkekani. "Anza na mimi, Fundi."

Alininyoa kichwa kizima. Kisha akapitisha kiganja chake toka kisogoni hadi kwenye paji la uso, akakitazama. Hapakuwa na tone la damu.

"Mleteni mtoto."

Mwana yule alinyolewa bila hata kuamka usingizini.

Tangu hapo sijakaa mahali pamoja. Changamwe, Kisauni, Miritini na mbali zaidi nimeishi, na kazi nyingi nimezishika. Lakini somo la wembe ule nimehama nalo kote. Mwanangu, lolote utakalolifanya juu ya mwenzio, lianze kwako. Likikuuma wewe, usimpelekee yeye. Na umri wa mtu usiuruke: aliyekutangulia anajua mti upi ni mkavu, nawe muulize kabla hujashika panga.

Mola akupe mkono mwepesi na moyo wa subira, na wote watakaoinamisha vichwa mbele yako wainuke salama. Amin.