Mama Mweupe wa Gikomba

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nyumbani kwetu Makadara tuliishi na mgeni asiyekula wala kulala. Mama, aliyeuza mitumba Gikomba, alimkuta ndani ya robota la makoti: sanamu ya kauri nyeupe, mwanamke amepakata mtoto. Mama akasema ni Bikira Maria, akafurahi hadi machozi. Alikuwa amezika watoto wawili, na mwingine alikuwa tumboni. Nani angemlaumu?

Mama aliponiachia kibanda akaenda kutafuta chenji, mteja mmoja wa Kichina aliishika ile sanamu, akaniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Huyu Guanyin. Mtu nalia, yeye nasikia." Akaniambia kwao ni mungu wa kike, wasio na watoto humwomba, na katika hadithi zao za kale hushuka duniani amevaa matambara ya kikongwe, kuona nani atamkaribisha. Mama aliporudi sikusema kitu. Sikutaka kumharibia furaha.

Nyumbani Mama akamweka juu ya kabati, kando ya rozari, akamwomba kila siku. Mtoto wa kike akazaliwa mzima, kisha akalia siku tatu. Ziwa hataki. Kukhu, mama yake baba, akaja kutoka Bungoma. Kwetu mtoto akilia hivyo, kuna marehemu anayedai jina, kwa hiyo mnataja majina ya wafu hadi anyamaze. Kukhu aliitazama sanamu, akauliza nani aliileta.

"Hii kitu imeombwa," alisema. "Kitu ikiombwa, itakuja kuchukua asante yake."

Kisha akaanza kutaja majina. Moja baada ya jingine, na sauti ya mtoto ilikuwa inakauka. Niliogopa tutazika tena. Nikainama kama ninayemfunika shali, nikamnong'oneza, "Guanyin." Wakati uleule Kukhu akatamka, "Nekesa."

Mtoto akanyamaza. Kukhu akapiga vigelegele, kwani hilo lilikuwa jina la mamake mwenyewe, marehemu, na mtoto akaitwa hivyo.

Sijawahi kumwambia mtu. Kukhu alishafariki. Nekesa sasa ni mtu mzima, na mtoto wa jirani akilia, yeye huamka kabla yetu sote. Juzi aliniuliza kwa nini ndotoni kuna bibi kizee mwenye matambara anayemwita kwa jina asilolijua. Nikamwambia ndoto ni ndoto tu.

Sanamu bado iko juu ya kabati la Mama. Nikienda kumsalimia huipangusa vumbi mimi mwenyewe, nikiiambia asante, asante, na kuiomba isimwite tena mdogo wangu.