Mshumaa wa Pili wa Bibi Gerda

Bibi yangu, Gerda Lauridsen, anauza soseji kando ya barabara ya kwenda mji wa Ribe, hapa Denmark, tangu mama hajazaliwa. Kigari cha kuuzia alikirithi kwa baba yake, Anker, aliyekianzisha wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani wameikalia nchi na nyama inapatikana kwa kadi za mgao. Hapo ndipo kichwa changu kinapoanza kuzunguka. Nyama aliitoa wapi?

Wapo wanaosema askari wa Kijerumani walikuwa wateja wake, nao ndio waliompa. Wengine wanaapa kwamba chini ya sufuria yake zilipita bastola za vijana waliopigana na Wajerumani kwa siri. Bibi alizaliwa vita vimekwisha. Karibu kila alipomuuliza baba yake, aliambiwa akate vitunguu.

Basi kila tarehe nne Mei jioni, mji mzima unapowasha mishumaa madirishani kukumbuka nchi kukombolewa, dirisha la kigari hubaki giza. Bibi akiwasha, na kumbe baba yake alikuwa msaliti, watu watamcheka. Asipowasha, na kumbe alikuwa shujaa, je?

Mwaka huu nilimuuliza mbele ya Mzee Holger, mteja wa kila siku aliyesoma na Bibi. Bibi akasema baba yake alitamka jambo moja tu: Wajerumani aliwapa soseji za jana, zile zilizotiwa rangi nyekundu ili zijulikane zimelala.

"Basi shujaa huyo," Holger akasema. "Aliwapiga matumboni."

"Nyamaza, we mzee. Wewe mwenyewe unakula nini hapo?"

Holger akaitazama soseji yake. Nyekundu. Siku hizi sote tunataka nyekundu, hata zikiwa za leo.

Nikauliza, kama aliwapa za jana, si bado aliwauzia? Holger aliacha kutafuna.

Jioni Bibi akaweka mishumaa miwili karibu na chupa ya haradali, kama nyumba zote zinavyoweka. Akawasha mmoja. Akausogezea wa pili kiberiti, akasita mpaka moto ukamfikia vidoleni, akakipuliza.

"Huu unaowaka ni wa baba aliyenilea," akasema. "Yule wa vitani simjui."

Holger akavua kofia, akaivaa tena, kama mtu asiyejua yuko msibani au kwenye sherehe. Kisha akaagiza soseji nyingine. Bibi akamuuliza kama anataka nyekundu.

Holger akasema yoyote.